Joho la Maalim Rehani

Jumatatu, 13 Januari

Mvua imeanza kwa fujo. Bati jipya la chuo chetu cha Kurani linapiga kelele mpaka najiuliza aliyetoa sadaka ile alitaka tusome au tunyamaze. Zamani tulikuwa na makuti. Yalivuja, lakini mlisikilizana. Sasa hatulowi, na mimi nawafundisha watoto wadogo wa chuo alifu na be kwa vidole.

Maalim Rehani alikaa pale pale ukutani, wakubwa wamemzunguka, kila mtoto na sura yake, wote wakisoma kwa pamoja kwa sauti. Ndivyo anavyofundisha hapa Kikole tangu mimi sijazaliwa. Mgeni akiingia hudhani ni vurugu. Zamani Maalim alikuwa akifumba macho, na katikati ya sauti zote hizo ananyoosha kidole kwa mmoja tu: "Wewe, rudi nyuma, umeruka." Alinipata mimi hivyo nikiwa mtoto, nikadhani ana majini yanayomnong'oneza. Siku hizi hafumbi macho. Nadhani anauogopa usingizi.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Nusu ya watoto wako shambani wanafukuza ngedere kwenye mahindi.

Jumapili, 19 Januari

Leo tumepata ugeni. Ismael, yule mfanyabiashara wa Kilwa Masoko aliyetupatia bati, alikuja na wenzake wawili kwa bodaboda, matope mpaka magotini. Wote wamesoma kwa Maalim. Wameunda kamati, na Ismael ndiye mwenyekiti, maana Ismael hata akiingia kwenye msiba hutoka mwenyekiti.

Walikaa barazani kwa Maalim. Bi Zakia, mkewe, alitoa chai na mihogo, mimi nikamsaidia.

"Maalim, shikamoo."

"Marahaba, wanangu, marahaba."

"Tumeamua kukuenzi ungali hai," Ismael akasema. "Watu wanasifiwa wakishafukiwa. Sisi tumekataa. Utavikwa joho, tutaalika mgeni rasmi, ng'ombe nitatoa mwenyewe. Sasa tunaomba wewe utuchagulie tarehe."

Maalim akatabasamu. "Alhamdulillahi," akasema.

"Tarehe, Maalim. Kabla ya mfungo au baada?"

"Mwenyezi Mungu awazidishie."

Wakacheka kwa furaha, wakasema huo ndio unyenyekevu wa watu wa zamani, wakajipangia wenyewe: mfungo mosi, wiki mbili baada ya Idi. Nami nilicheka. Bi Zakia hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe mdomoni kama mtu anayesubiri mtoto atapike.

Nina haki ya kufurahi kuliko hao wote. Niliporudi kutoka Mtanda nilikoolewa, na sanduku langu na talaka yangu, watu wa Kikole walinipa pole. Maalim alinipa kazi.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekasirika, na ninaandika ili nisije nikayasema kwa mtu. Mtoto mmoja ameruka aya nzima mbele ya Maalim, na Maalim akatikisa kichwa, "Vizuri, endelea." Si mara moja. Mara tatu leo. Mvua ilikuwa inapiga, sawa, lakini mimi niliyekaa mbali zaidi nimesikia.

Kumbe habari ya joho imeshamlegeza. Mtu akiahidiwa sifa, kazi inamtoka mikononi. Sikumdhania hivyo.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua. Sijazungumza naye zaidi ya salamu.

Jumanne, 4 Februari

Leo jua, la kwanza tangu mwezi uingie. Bati kimya. Watoto wanasoma, sauti zinasikika mpaka kisimani. Ghafla kundi la ngedere likaruka kutoka kwenye mkorosho likatua juu ya bati. Kishindo! Wadogo wakapiga yowe, mmoja akanirukia mapajani, vitabu vikaanguka kutoka kwenye rehali zake za mbao.

Maalim alikuwa anafunua ukurasa. Akaufunua, akaulainisha kwa kiganja, akaanza kusoma. Kisha akainua macho, akaona watoto wote wamesimama vinywa wazi, naye akatazama juu walikotazama wao. "Mvua inakuja?" akauliza.

Nimekaa kitandani tangu magharibi nimeshika kalamu. Siku kumi nzima nimemlaani mzee wa watu moyoni, na mzee hasikii.

Jumatano, 5 Februari

Nimehamisha mkeka wangu. Nimewaambia wadogo kwamba pale pa zamani panaingia maji. Sasa nakaa nyuma ya wakubwa, nikitazamana na Maalim. Mtoto mmoja akaruka aya, nikanyanyua kidole changu cha shahada juu ya goti, kidogo tu, nikamwelekezea. Maalim aliniona. Akamgeukia yule mtoto, akamwambia, "Wewe, rudi nyuma, umeruka."

Hakunitazama tena mpaka dua ya kufungia.

Jumamosi, 8 Februari

Tunaenda vizuri. Watoto wanasema Maalim amekuwa mkali kama zamani.

Jumatatu, 17 Februari

Leo kulikuwa na kisomo kwenye msiba wa jirani. Ndani kwa wanawake tuligawiwa juzuu, kila mmoja na yake, tuisome Kurani yote na kuirehemu maiti. Kulia kwangu alikaa Somoe, binti wa Ismael, anayelelewa hapa kijijini na bibi yake. Mwaka jana Somoe alihitimu Kurani kwa Maalim. Siwezi kuisahau siku ile: ng'ombe, pilau, mtoto amevaa taji, anatembezwa kijiji kizima kwa kasida, baba yake anatupa peremende.

Nikawa namsikia. Anasoma kwa sauti tamu sana, huku anatoka katikati ya sura moja anaingia sura nyingine bila kujua, kama mtu anayepita nyumba za watu usiku. Nikaacha kusoma juzuu yangu, nikamfuata yeye. Si kosa la mtoto. Amesoma hivyo miezi na miezi mbele ya mwalimu, mwalimu akamwambia vizuri, endelea, na mwisho akamhitimisha.

Na Somoe si peke yake.

Alhamisi, 20 Februari

Monika, muuguzi wa zahanati, ni jirani yangu na Mkatoliki wa kweli kweli, yaani anajua mambo ya msikitini kuliko mimi. Nilimwambia nina mtu wangu hasikii.

"Huyo mtu wako ana kofia nyeupe na mke anaitwa Zakia?" akauliza.

Jioni alipita kwao kwa kisingizio cha kupima presha. Akarudi kwangu akakaa chini. "Si uchafu wa masikio, dada. Ingekuwa uchafu ningeuosha. Kimekufa kitu huko ndani. Mama Zakia anasema ni ile homa ya masika ya mwaka juzi, ile iliyomlaza mwezi. Hospitali kubwa watasema hayo hayo, ila kwa lugha ya daktari."

Alhamisi, 27 Februari

Leo tumefunga chuo kwa ajili ya Ramadhani. Watoto walipokwisha kutawanyika Maalim aliniambia nibaki. Alikaa akinitazama. Nje mvua ya manyunyu.

"Hicho kidole chako," akasema, "hakijachoka?"

Nikajifanya sielewi. Akatabasamu, lakini vibaya.

"Salima, mwanangu, sisikii. Nikikuona midomo nafahamu la kufahamu. Nisipoiona, dunia imefungwa mlango. Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema. Nikawaza, nikisema sisikii chuo kinafungwa, na watoto wa hapa watakwenda wapi? Nikawaza, midomo yao naijua, Kurani naijua, nitawafuata kwa macho. Nikajidanganya hivyo, mpaka uliponyanyua kidole. Siku ile ndipo nilipojua ni mangapi yamenipita."

Nikalia. Sikuwa na haja ya kujificha, maana kulia kwangu angekuona tu.

"Sasa nakuuliza jambo, na unijibu polepole nione. Wapo saba niliowahitimisha baada ya ile homa. Umepata kumsikia hata mmoja?"

Ningeweza kusema hapana, na mzee angelala usingizi. Lakini alikuwa ameniinamia, ananitazama mdomo kama kipofu anayeshikwa mkono penye shimo. Nikamwambia kuhusu Somoe. Nikamwambia tangu Somoe nimewasikiliza wengine wawili, mmoja kisimani, mmoja kwao akipepeta mchele, na wote wako hivyo hivyo.

Alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena.

"Wale watoto watasali kwa kisomo kile mpaka wazeeke," akasema. "Watawasomea wazazi wao makaburini. Watawafundisha watoto wao. Nitaulizwa mimi, si wao. Waite, Salima. Waje wasome kwako, mimi nikiwa nimekaa hapo. Wakishanyooka wote saba, hapo ndipo nitavaa joho la watu."

Ninaogopa. Sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa Mungu hivi, kwa sauti ya kawaida, kama anayeogopa kuchelewa gari.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo wa nne. Nimepita nyumba mbili za wale saba. Wamenipokea vizuri, wamesema inshallah.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba mbili nyingine. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Unataka kumwaibisha Maalim mwaka huu anaoenziwa? Watu watasema alikuwa anahitimisha watoto ovyo." Nikamwambia Maalim mwenyewe ndiye anayetaka. Akasema, "Basi wewe unayempenda ndiye wa kumkataza."

Nilirudi nyumbani na mvua yote ya Kikole mgongoni.

Jumamosi, 15 Machi

Ismael alinipigia simu baada ya futari. Sauti yake nzuri, ya mtu aliyeshiba tambi.

"Nasikia unapita majumbani."

"Nimetumwa na Maalim."

"Salima, pilau limeshaliwa. Umenielewa? Ng'ombe nilichinja, watu walikula, shehe aliomba dua, picha ziko ukutani sebuleni kwangu. Leo nimwambie nani kwamba binti yangu hajahitimu?"

"Hakuna wa kumwambia. Aje tu asome, miezi michache, atanyooka. Ana sauti nzuri."

"Na kijiji kikimwona amerudi kukaa mkekani na wadogo?"

Hapo alisema kweli. Hapa kwetu aliyehitimu hakalii tena mkeka wa chuo. Akipita anasimama mlangoni, anatoa salamu, wadogo wanamwinukia. Kumrudisha ni kama kumwambia bibi harusi arudi akachezwe unyago upya.

"Mzee amechoka," Ismael akaendelea. "Tunampa heshima yake apumzike. Baada ya sherehe kuna kijana tumempata, amesoma vizuri, atashika chuo. Nawe kama unataka kubaki na wadogo zako, usimjaze mzee maneno."

Kumbe joho lina kazi hiyo pia. Nilimdhania Ismael ana majivuno tu. Majivuno ni ugonjwa mdogo, ningemsamehe.

Jumamosi, 22 Machi

Maalim ananiuliza kila ninapopeleka futari: "Wamesemaje?" Nasema, "Wanasema baada ya Idi." Anahesabu kwa vidole majina yao saba, ananitajia, kama naweza kuyasahau.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua tangu alfajiri. Aliyepika pilau alilia moshi, na asiyepika alilia kivyake. Hakuna aliyekuja kusoma.

Jumanne, 8 Aprili

Joho limefika, jeusi, limetariziwa dhahabu shingoni mpaka chini. Bashiru, kijana wa kamati anayeshughulikia vyombo vya sauti, alilileta kwenye mfuko wa nailoni akampa Bi Zakia. Maalim alikataa kulijaribu. Bi Zakia amelitundika nyuma ya mlango na kuligeuza, dhahabu ielekee ukutani.

"Atalivaa?" nikamuuliza.

"Amesema atalivaa," akasema Bi Zakia. "Amesema watoto wote saba na baba zao watakuwa hapo siku hiyo, na atapewa nafasi ya kusema. Sijui kama hiyo ni habari njema, mwanangu."

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono utakufa ganzi.

Mvua ilisimama asubuhi kama imeombwa na kamati. Uwanja ulijaa. Watu wametoka Masoko, wametoka Lindi, wengine nilisoma nao sijawaona tangu wana meno ya utoto. Waliweka turubai, viti vya mbele vikafunikwa vitambaa vyeupe, na pazia la kijani likagawa uwanja, wanaume kule, wanawake huku. Nilitafuta nafasi penye pindo la pazia, panapopitisha jicho. Bi Zakia akakaa kando yangu.

Maalim alikaa kwenye kiti kikubwa chenye mito. Spika mbili zilikuwa nyuma yake, kila moja kubwa kama kabati. Mgeni rasmi alizungumza. Shehe alizungumza. Ismael alizungumza mara mbili. Walimsifu Maalim kwa maneno mazuri na ya kweli, na hakulisikia hata moja. Alikuwa anawatafuta watoto kwa macho. Somoe alikuwa huku kwetu, safu ya pili, amevaa nguo mpya, hataki kunitazama.

Wakamvika joho. Vigelegele vyetu vilipasua turubai. Alionekana mdogo ndani yake.

Bashiru akampa kipaza sauti, aseme neno la shukrani. Alisimama. Alishukuru, vizuri na kwa kifupi. Kisha akasema:

"Wanangu, hili joho si langu bado. Wapo watoto saba—"

Nilimwona Ismael akigeuka. Hakukimbia, hakunyanyua mkono. Alimtazama Bashiru tu, akateremsha kidevu. Kipaza sauti kikafa, na kutoka kwenye zile spika ikaanza kasida iliyorekodiwa, ya kumsifu Mtume, ile ambayo kila mtu wa hapa anaijua tangu tumboni.

Maalim aliendelea kusema.

Angejuaje? Spika ziko mgongoni kwake. Mdomo wake ulikuwa unakwenda, mkono mmoja umeshika kipaza sauti, mwingine kifuani juu ya zile nakshi za dhahabu. Mimi peke yangu niliyefuata, maana maneno yale nilikwisha kuyasikia. Niliona midomo yake ikitaja jina la kwanza, la pili, mpaka la saba. Niliona akisema, "Nisameheni, sikuwa nasikia." Niliona, "Rudini kwa Salima." Na mkutano wote ukawa unaitikia kasida, wanaume kwa wanawake, midomo yote inafunguka kwa pamoja na kufunga kwa pamoja, wanayumba, wanatabasamu, wameinua simu wanampiga picha. Maalim akawatazama. Uso wake ukafunguka. Alidhani wanamjibu. Alidhani wanasema amina.

Nilitaka kupasua pazia. Nilisimama hasa, nimelishika. Bi Zakia akanivuta nguo chini kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usimwambie," akasema sikioni mwangu. "Tazama alivyo. Tangu mwaka juzi sijamwona hivyo. Usimwambie."

Baada ya pilau nilimkuta barazani kwake, bado amevaa joho, machozi yanamtoka na anacheka.

"Nimesema, Salima. Nimetua. Hujui nimetua mzigo gani." Akanishika mikono yote miwili, akanitazama mdomoni. "Wamesikia wote?"

Bi Zakia alikuwa amesimama mlangoni.

"Wamesikia, Maalim," nikasema.

"Nimewaambia waje Jumamosi, baada ya alasiri. Walikubali, uliona walivyokubali?"

"Niliona."

Mimi ndiye mtu pekee ambaye Maalim anamwamini kuhusu sauti za dunia hii, na nimemdanganya nikiwa nimemtazama usoni, polepole, ili anielewe vizuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imerudi. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba tena. Siombi tena, nawaambia tu: siku ya sherehe, kasida ilipokuwa inapigwa, Maalim aliwataja watoto wenu kwa majina, aliomba msamaha, na anawasubiri Jumamosi baada ya alasiri. Kwa kila nyumba maneno ni yale yale, sipunguzi wala sizidishi.

Mwanamume mmoja alisema, "Kumbe ndicho alichokuwa anasema?" Kisha akaniuliza kama barabara ya mtoni inapitika.

Jumatano, 16 Aprili

Kijana mpya wa kamati amekuja kutazama chuo. Amenisalimia kwa adabu, amepima dirisha. Nilijiandaa kumchukia, ikanishinda. Aliniuliza Maalim anaishi wapi, akaenda kumpa shikamoo.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimekwenda Kilwa Masoko kwa bodaboda, nimelowa mpaka mifupa. Ismael hakunikaribisha kuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mbele ya picha za Somoe na taji lake. Somoe, ambaye baba yake alimchukua tangu sherehe, alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, naona miguu yake chini. Kwa hiyo naye nimemwambia.

Hiyo ilikuwa nyumba ya mwisho.

Jumamosi, 19 Aprili

Maalim alioga mapema, akavaa joho. Alitandika mikeka mwenyewe, akamkataza Bi Zakia kumsaidia, akapanga rehali saba kwenye mstari. Mimi nikakaa mahali pangu, kitabu kimefunguliwa.

Alasiri ikapita. Mvua ikaja ikapiga bati, ikaacha. Watoto wa jirani walichungulia, wakakimbia. Mara mbili mtu alipita njiani na mwamvuli, na mara mbili Maalim alijiweka sawa kwenye kiti. Maji yalianza kuingia upande wa mlango yakalowesha mkeka wa kwanza. Nikainuka kuusogeza, akaniashiria niuache.

Giza lilipoanza kuingia aligeuka akanitazama mdomoni.

"Salima. Ulisema wamesikia."

Nikasogea karibu, nikahakikisha ananiona.

"Wamesikia, Maalim," nikasema. "Wote saba."

Na safari hii sikuwa nadanganya.